Pete Iliyokatwa Julai

Jumatatu, 9 Novemba 2009

Mapafu yanakwisha. Akili bado ipo. Niandike sasa.

Julai 1958. Kila mwaka, kabla kiwanda hakijafungwa kwa likizo, nilikata pete moja ya mnyororo wa kreni, nikaisugua ing'ae, nikaipaka tindikali ili chembe zionekane, nikaitazama kwa hadubini. Chembe za chuma zikiwa duara, salama. Zikirefuka, chuma kimechoka: kimevutwa mno, ndani mna msongamano, chembe haziwezi tena kuteleza. Kinakuwa kigumu, halafu kinakatika bila kuonya. Dawa ni tanuri tu — motoni huzaliwa chembe mpya.

Mwaka ule zilikuwa ndefu kama nyasi zilizolazwa na upepo. Lakini tanuri lilikwisha kuzimwa, feri ya kisiwani ilikuwa saa tisa, na mke wangu Märta alikuwa ananingoja kwa viazi vipya na samaki. Niliandika kwenye ripoti: duara.

Picha ya chembe zile, niliyoipiga kwa hadubini, ninayo bado, kwenye droo.

Jumatano, 11 Novemba

Agosti mnyororo ulikatika. Sixten alikuwa chini ya mzigo, akafa palepale.

Wakasema Arvid, mwendesha kreni, alizidisha uzito. Nilinyamaza. Sixten alikuwa mume wa Gunvor, Arvid ni kaka yake Gunvor. Gunvor hajasema na kaka yake tangu siku ile. Miaka hamsini na moja! Mimi ananiletea maandazi ya mdalasini kila Jumamosi, kwa kuwa nilimshika mkono mazikoni.

Daktari ameacha kuzungumzia mapafu yangu. Ananiuliza kama nasikia baridi.

Jumamosi nitamwambia.

Ijumaa, 13 Novemba

Nimejaribu sentensi kwa sauti. Inafika katikati, inakwama.

Jumamosi, 14 Novemba

Gunvor amekuja amevaa koti jeusi. "Kula, mhandisi, umekonda kama waya." Nikacheka, kikohozi kikanishika.

Akimimina kahawa akasema Arvid alizikwa jana. Yeye mwenyewe hakuingia kanisani. Alikaa garini hadi kengele zikanyamaza. Kila Krismasi Arvid alimwandikia kwamba hakuzidisha uzito. Yeye hakumjibu hata mara moja.

"Ningejua tu kama alikuwa anasema kweli," akasema, "ningeingia."

Nimechelewa siku moja. Moto wa kunirudisha sijui upo wapi.

Alipotafuta kijiko kwenye droo, akaiona picha. Akacheka, nani kapiga picha ya nyasi? Akaigeuza, akasoma nyuma: mnyororo wa kreni, Julai 1958. Hakucheka tena. Nimemwambia nitaeleza akimaliza kuosha vikombe. Ameingia nayo jikoni.

Nasikia maji ya bomba. Yanamwagika bure, vikombe havigongani.

Sasa yamefungwa —