Meno Arobaini na Manne Kwenye Mikono Yangu

Ijumaa jioni, Busia. Asubuhi ilinyesha mpaka barabara ya mpakani ikawa uji, kisha jua likatoka na kutuchoma kama vile halikuhusika. Nimekaa barazani, mikono myeusi kwa grisi, na sitaki kunawa bado. Nina furaha ya kijinga.

Leo nimejifunza kuhesabu meno.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: miguu yangu haijatembea tangu nikiwa na miaka minne. Nina baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, na kazi yangu ni kuvusha mizigo mpakani. Mayai kutoka huku Uganda, sabuni na mafuta ya kupikia kutoka Kenya. Miaka kumi na moja sasa. Tuko wengi, tuna chama chetu, na madereva wa malori wanatujua kwa majina na kwa matusi.

Tatizo ni bega la kulia. Tangu Pasaka linaniuma hata nikichana nywele. Daktari aliniambia nilipunguzie kazi, la sivyo litakataa lenyewe. Na kuna kapanda, mwinuko mdogo, kabla ya geti. Wenye miguu hawajui hata kama pale pana mlima. Wenzangu wengi wakifika hapo wanalipa mtu wa kuwasukuma. Mimi sitaki. Kiburi kipo, sikatai, lakini si kiburi tu. Napenda kufika ng'ambo nikijua nimejileta. Siku mtu atakapoweka mikono mgongoni pangu, nitajiona katoni kama katoni nyingine.

Ndiyo maana wiki mbili zilizopita nilimsikiliza Wandera.

Wandera ni mwenyekiti wa chama, na mdomo wake hauna breki. Alisema dawa ya mlima ni cheni ya pikipiki, hii yangu ya baiskeli ni uzi tu. Nikanunua. Ikafungwa, ikaonekana imekaa vizuri, kwa sababu nafasi kutoka kiungo hadi kiungo ni sawasawa na ya baiskeli. Nikatoka na trei kumi na mbili za mayai. Getini cheni ikaruka. Lori nyuma linapiga honi, askari anapuliza filimbi, mimi nimeshika cheni mkononi kama nimeua nyoka. Aibu gani ile! Mayai yalipona. Mimi sikupona.

Nikairudisha cheni ya zamani, lakini swali likanikaa kichwani. Kama nafasi ni sawa, kwa nini iliruka? Nikauliza chama kizima. Mmoja akasema mafuta, mwingine akasema bahati mbaya, Wandera akasema mimi ndiye sijui kuendesha. Mimi nikianza kuuliza siachi, hata mama yangu alichoka nami mapema.

Leo asubuhi binamu yangu alikuwa anakwenda Tororo na pikapu tupu kuchukua simenti. Nikamwambia anipakie na baiskeli yangu. Kuna fundi pale anaitwa Othieno, mtu wa kijiji cha Kiyeyi, anatengeneza mashine za kupukuchua mahindi. Nilikuwa nimesikia kwamba yeye hafungi cheni kabla ya kupima.

Kweli hakugusa kitu. Aliinama, akatazama sproketi ya juu, ile sahani ya meno inayozungushwa na mikono yangu, akaanza kuhesabu kwa kidole. Arobaini na nne.

"Mama, hii ilitoka wapi?"

Nikamwambia ni ya baba. Baba alibeba abiria kwa baiskeli hapa mpakani, enzi zile kabla pikipiki hazijajaa. Alipofariki niliifungua sproketi yake nikaifunga kwenye yangu, na chama kizima kilinipongeza. Kwetu sproketi kubwa ni sifa. Mgeni akija, kabla hawajamuuliza jina, wanamwangalia meno.

Othieno akautazama mkono wangu. "Na huyo mzee alikuwa nakanyaga na mkono?"

Binamu yangu alicheka mpaka akaegemea pikapu. Mimi nilicheka pia, halafu nikaitazama ile sproketi.

Mapaja ya baba! Meno yale yalikuwa ya mapaja ya baba.

Akachukua chaki, akaweka alama kwenye tairi, akaniambia nizungushe mkono mara moja tu. Tairi likazunguka karibu mara mbili na nusu. Juu meno arobaini na manne, chini kwenye tairi kumi na manane. Gawanya, unapata jibu. Kwamba kila nilipozungusha mara moja, nilikuwa nalisukuma gurudumu, mayai na mwili wangu safari mbili na nusu. Kwenye tambarare ni raha, unapaa. Kwenye mlima bega ndilo linalolipa.

Sijui kwa nini hesabu hii ya darasa la tano hakuna aliyewahi kunionyesha.

Nikamuuliza habari ya cheni ya pikipiki. Akazilaza mbili sambamba kwenye gunia. Nafasi sawa, kweli, lakini vigololi vya ile ya pikipiki, vile vya katikati ya kila kiungo, ni vinene, haviingii chini kati ya meno ya baiskeli, vinakaa juu juu. Tena ni pana, inayumba. Ukiivuta kwa nguvu, inapanda na kuruka. Wiki mbili nimelala na swali, jibu lilikuwa unene wa kigololi!

Akatafuta kwenye ndoo yake ya vyuma, akatoa sproketi ya meno ishirini na saba kwa juu na ya ishirini na moja kwa chini: mkono mara moja, tairi mara moja na robo hivi. Nikauliza kwa nini si ishirini na nane, namba iliyotulia. Akasema cheni viungo vyake vinakwenda viwiliviwili, kimoja chembamba, kimoja kipana, kwa hiyo meno yasiyogawanyika kwa mbili hayakutani na kiungo cha aina ileile kila mzunguko. Yanabadilishana, yanakwisha pamoja. Nilimwomba arudie mara tatu kwa utamu tu.

Cheni yangu nayo akaikataa. Viungo ishirini na vinne vinatakiwa kuwa futi moja kamili. Yangu ilizidi kwa unene wa njiti ya kiberiti. Imevutika, akasema, itakula hii meno mpya yote. Nikanunua nyingine. Ya baiskeli.

Saa tisa nilikuwa nimerudi Busia, kwenye kapanda, na mzigo kamili.

Wandera alinipita akipiga kelele, "Nabwire, unasaga karanga?" Ni kweli, mikono ilizunguka sana na baiskeli ikaenda polepole. Hata mwanamke mwenye beseni la ndizi kichwani alinipita, akanionea huruma. Lakini sikusimama. Katikati, pale ambapo huwa nauma meno, nilijikuta napumua kawaida. Nikafika juu. Nikasikiliza bega. Halikusema kitu.

Nililia kidogo, watu wakadhani ni vumbi.

Miaka kumi na moja nimejilaumu. Nimekula mayai, nimenyanyua mawe nyumbani nikitafuta nguvu, nimemwomba Mungu mikono mingine.

Na sasa namfikiria Auma, mwenzangu wa chama. Tulianza kazi wiki ileile. Mwaka jana aliacha, akasema mikono yake imekwisha, ni dhaifu, na sisi sote tukaitikia pole. Siku hizi anashinda ndani, baiskeli yake imekuwa ya kufungia kuku. Sproketi yake ilikuwa kubwa kuliko yangu, na ni mimi niliyemchagulia.

Kesho sivuki mpaka. Kesho naenda kwa Auma na chaki.