Begi Ulilosema Umelichagua Wewe

Kahama,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwako Baba Magesa,

Salamu natanguliza, maana kwetu nilifundishwa kwamba hata unayemkasirikia unamwamkia kwanza. Hujambo? Watoto hawajambo? Kikohozi cha Magesa kimeisha? Tabitha bado anakataa uji usio na sukari? Mimi mwili mzima, nakula na kulala. Ila moyo, Baba Magesa, moyo unatokota tangu nilipopanda basi hapo Musoma. Leo nimekaa kanisani mahubiri yote yamepita pembeni, nikasema bora nimwandikie huyu mtu kabla sijapasuka.

Nina hasira na wewe. Nimeshasema, sasa tuendelee.

"Begi ni begi." Ndivyo ulivyoniambia kule Butiama, tena mbele ya mama yako. Basi kaa chini nikueleze begi ni nini, maana tangu nianze kuuza hizi dawa za mifugo hujawahi kuniuliza hata siku moja nafanyaje kazi.

Kila wiki niko njiani, mnada huu, mnada ule. Nabeba chupa za dawa ya kuogeshea ng'ombe, za minyoo, mabomba ya sindano, na kanga zangu mbili. Gari linakushusha barabarani, mnada wenyewe uko kule mbele kwenye vumbi, na wa kukupokea hakuna. Lile begi langu la kwanza, la rangi ya maruni, nililinunua dukani hapa Kahama kwa kupenda linavyong'aa. Magurudumu ya plastiki! Halikumaliza hata mwezi. Gurudumu moja likachomoka, nikaliburuta hivyo hivyo mpaka likatoboka, chupa zikapasuka. Nilinuka dawa ya kupe mpaka watu wananiachia benchi zima. Bosi akaniambia, mama, ukivunja tena, kazi hii nampa mtu mwingine. Na unajua vizuri, tangu ulipopunguzwa kiwandani, kazi hii ndiyo unga, ndiyo sare za watoto, ndiyo hata nauli yako ya mtumbwi kutoka mwalo wa Mwigobero kwenda kumwona mama yako Kiriba. Sikusimangi. Nakukumbusha tu.

Zamani tulikuwaga hatuchagui. Si unakumbuka foleni za sabuni? Ulipanga mstari hata hujui kinachouzwa ni nini, ukifika mbele ukipewa viatu vyote vya mguu wa kushoto unasema asante. Siku hizi vitu vimejaa mpaka barabarani, lakini nusu yake feki, macho yako ndiyo yatakuokoa. Nikaapa sinunui tena begi kwa rangi.

Kwa hiyo kila nikija nyumbani nilishuka Bunda, nikaingia kwenye mitumba. Nilishika kila begi lililokuwepo pale, mpaka wauzaji wakawa wananiita Mama Begi. Siku nilipoliona lile la turubai, la kijani, nilinyamaza kimya nisipandishiwe bei. Nikalipindua niangalie tumbo lake kwanza, kama watu wetu wanavyomwangalia ng'ombe. Magurudumu ya mpira, ndani yana beringi, na chuma kimoja kimepita kutoka gurudumu hili hadi lile. Mshono mara mbili. Zipu ya chuma, meno makubwa. Mkono wa kuburutia umepigwa ribiti za chuma, haukubandikwa kwa gundi.

Nikamwambia muuzaji, lete mawe.

"Mawe ya nini tena, mama?"

"Wewe lete."

Tukajaza mawe, nikalifunga, nikaliburuta kwenye kokoto kuzunguka stendi yote, watu wanacheka wanashika mbavu. Yule muuzaji akashika kiuno: "Mama, unanunua begi au unanunua trekta?" Nikamjibu, nanunua kazi yangu. Nikaomba maji nikalimwagia juu, nikafungua, ndani pakavu. Ndipo nikatoa hela.

Hilo ndilo begi, Baba Magesa. Tangu siku hiyo sijavunja chupa hata moja.

Sasa ile Ijumaa nilipofika nyumbani hapo Kamunyonge nilikuwa na habari kubwa, na wewe mpaka leo huijui, kwa hiyo uisikie hapa. Bosi amenipa kusimamia kituo cha hapa Kahama. Tena amenipa na nyumba, iko nyuma ya stoo, vyumba viwili na jiko lake. Nilitaka nikuambie uso kwa uso: njoo wewe na watoto, tuishi mahali pamoja kama watu wengine. Kazi ya kulinda stoo na kupakia mizigo ipo, usingekaa bure. Lakini nyumba yetu ilikuwa imejaa ndugu wa sherehe ya mdogo wako Mafuru. Nikasema ngoja tumpelekee Mafuru sanduku la harusi kwa wakwe zake Butiama, Jumapili nitamwambia mume wangu tukiwa tumetulia. Nilikuwa na furaha mpaka nashindwa kula. Wewe uliniuliza kama naumwa.

Jumamosi asubuhi natoka kuoga, begi hakuna. Chupa zangu zimepangwa kitandani, nguo zangu za ndani zimewekwa juu kama maonyesho, na pembeni kiroba cha mahindi kitupu. Wewe na ndugu zako mmeshatangulia. Namuuliza Tabitha, begi la mama liko wapi? Ananijibu, "Baba amesema utaelewa."

Nielewe nini?

Nikajidanganya kwamba umebebea masufuria. Nikapanda pikapu na akina mama. Tunashuka Butiama, naliona begi langu liko kichwani kwa shangazi yako, limefungwa kanga mpya, magurudumu yanaangalia mbinguni. Begi la magurudumu, linabebwa kichwani! Lingekuwa la mtu mwingine ningecheka mpaka nikae chini. Nyie mlikuwa hamjanunua sanduku la bibi harusi, mkala hela ya sanduku, mkakumbuka begi la Mama Magesa.

Likawekwa mbele ya wakwe. Bibi yake bi harusi Veronika, yule mzee mwembamba, akaacha nguo zote zilizokuwemo akashughulika na begi lenyewe. Akabonyeza gurudumu kwa kidole gumba. Akavuta zipu kwenda na kurudi. Akauliza kwa sauti, "Hili amelichagua nani? Huyu anajua kuchagua! Mjukuu wangu ameingia kwa watu wenye macho."

Nikakuangalia, Baba Magesa. Nilikuangalia wewe tu. Nikasema moyoni, haya, begi limekwenda, lakini hapa hata jina nitapata. Ukasimama, ukanyoosha kola ya koti, ukasema: "Nimelichagua mimi mwenyewe. Bunda."

Makofi. Vigelegele. Na mimi nikapiga, ningefanya nini, mawifi wote wananitazama mdomoni. Kigelegele cha hasira ukikisikia kwa mbali ni sawasawa na cha furaha.

Wewe! Wewe ambaye Bunda unapitaga umelala, mdomo wazi, mpaka konda anakuamsha!

Tulipomaliza kula nikakuvuta nyuma ya pikapu, nikakuuliza kwa upole kabisa, mume wangu, nitarudije kazini? Ndipo ukasema begi ni begi, na kwamba nina mshahara, nitanunua jingine. Mama akatokea na sahani yake, akauliza, "Kwani mwanamke mwenye mume anatembea na magurudumu kwenda wapi?" Na wewe ukacheka. Mama simlaumu, kila mtu na enzi zake. Lakini wewe unajua ninakokwenda. Unakula kutoka huko ninakokwenda. Ukacheka. Kile kicheko kimeniuma kuliko begi. Habari ya nyumba nikaimeza hapo hapo.

Ungeniomba, jamani! Ungesema, Mama Magesa, mdogo wangu ataaibika mbele ya wakwe, tufanyeje? Ningelitoa na kufuli lake. Ningelipangusa mwenyewe. Wewe unanijua, sijawahi kuwa mchoyo kwa ndugu zako. Lakini kumnyang'anya mtu kitu akiwa anaoga, halafu unamnyang'anya na sifa yake mbele za watu, huo si udugu.

Nikaondoka na kiroba. Bunda mvua ikatukuta mizigo ikiwa juu ya keria. Nafika Kahama, karatasi zote zimebanduka kwenye chupa. Ya minyoo, ya kuogeshea, zote zimekuwa chupa za rangi moja hazijulikani ipi ni ipi. Nani atamnywesha ng'ombe wake bahati nasibu? Bosi akaangalia kiroba kinachuruzika, akaniangalia mimi. "Begi liko wapi?" Nikamwambia nimeibiwa njiani. Nimesimama mbele ya mtu aliyeniamini nikasema uongo, ili asijue mume wangu ni mtu wa namna gani. Akanihurumia. Alivyonihurumia ndivyo nilivyozidi kuchukia.

Sasa nisikilize vizuri. Begi silidai. Kilichopokelewa kwa vigelegele hakirudi, na yule binti wa watu hana kosa. Nataka jambo moja. Panda mtumbwi uende Kiriba, kaa mbele ya mama, Mafuru na mkewe, useme kwa mdomo wako: begi lile lilikuwa la mke wangu, na aliyelichagua ni yeye. Basi. Huna haja ya kununua kitu wala kuchinja. Ukishasema, mwambie Mafuru aniandikie yeye mwenyewe kwamba amesikia, maana maneno yako matupu siku hizi siyachukui. Bosi ameniuliza nyumba naingia na nani, na anataka jibu mwisho wa mwezi. Nimemwambia anipe nafasi kidogo.

Nisalimie mama, mwambie dawa yake ya miguu nimeipata nitaituma. Msalimie shangazi yako, naye mwambie pole ya shingo. Jirani yetu Mama Neema anayewaangalia watoto nikiwa mbali mwambie sijamsahau, kanga yake ipo. Mke wa Mafuru, Veronika, nampenda sana. Mwambie atie mafuta ya cherehani kwenye beringi, matone machache tu, na asiruhusu mtu alibebe kichwani, aliburute. Magesa na Tabitha wabusu, waambie mama anawakumbuka kila akilala.

Begi jingine nimeshapata, tena kubwa kuliko lile. Kabla sijalipa nilikunja ndani sare za Magesa na Tabitha, zile mpya nilizowashonea za shule ya huku, nikaongeza na nguo zangu juu, zipu ikafunga bila kulazimisha. Zako bado sijazipima.

Ni mimi,
Mama Magesa.