Samaki Wawili wa Baba Yako

Kitindamimba wangu,

Nimekwenda hospitali kwa baba yako, nitarudi jioni. Mfuko wa samaki wa pili unaelea kwenye tangi. Ukiamka ufungue, utie nusu kikombe cha maji ya tangi kila baada ya dakika kumi, mara sita. Zima taa, kisha mtoe kwa wavu umtie tangini. Maji ya mfukoni yamwage chooni, yasiguse matumbawe. Yule samaki wetu mzee wa njano nimemfungia humo humo kwenye kikapu chenye matundu. Asitoke mpaka kesho kutwa, hata akikukodolea macho.

Muuzaji alipowaleta hawa wawili wapya asubuhi nilikuwa naoga, nawe ukammimina wa kwanza tangini moja kwa moja. Najua ulitaka kunipunguzia kazi. Yule wa njano alipomrarua mkia, nikakuambia, "Hata samaki wa baba yako wamekushinda?" Ukarudi kitandani na viatu vyako miguuni. Siku ya nne hii sijalala vizuri, mwanangu, na uchovu wangu nimekutupia wewe. Nisamehe. Wa kwanza yuko nyuma ya jiwe la kushoto, bado anapumua.

~~Baba yako usimwambie.~~ Akipiga simu saa tisa, mwambie mwenyewe. Jana hakuniuliza habari za dawa wala za daktari. Aliuliza samaki wakifika nani atawaingiza. Nikakutaja wewe, akacheka, mara ya kwanza tangu alazwe.

Chai iko kwenye chupa.

Mama yako