Kifuniko Chini ya Zulia la Buti

Mdogo wangu mpenzi,

Sisi wazima, ila shingo inaniuma kwa kuringa. Mwanangu dereva alikuja Jumapili na gari la mbio la bosi wake, viti viwili tu! Majirani wote walitoka kujifanya wanaanika nguo.

Akanifungulia buti. "Mama, ndoano hizi ni za mifuko. Kishikio hiki kinang'aa gizani. Ukifungiwa humu, unakivuta unatoka."

"Nani atakufungia humo, we mrefu kama nguzo ya umeme?" Tukacheka.

Chini ya zulia kuna kifuniko, na chini yake nafasi ya siri. Hiyo hakunionyesha. Niliifungua mwenyewe alipokuwa anaoga, nikakuta blanketi, mswaki, sabuni na mashati yaliyokunjwa vizuri, maana nilimlea vizuri. Kumbe ile nyumba yenye baraza anayonisimulia haipo. Mtoto analala garini.

Nikafunika, nikampikia chai.

Wewe uko naye mji mmoja, na chumba chako cha nyuma ni kitupu. Mpigie, mwambie unaogopa kulala peke yako. Mimi usinitaje. Atakuja mbio; mwanangu ana huruma sana.

Dada yako,
Mama Dereva