Usimnyime Kyalo Maji

Satellite, Nairobi
Jumapili

Mama mpendwa,

Mimi sijambo, na sindano zangu nadunga bila kukosa. Leo sitauliza habari za mvua wala za mbuzi. Nauliza hali ya Kyalo tu.

Jana uliponipigia ulicheka sana. "Huyu ndugu yako ameanza tena kukojoa kitandani, mvulana wa darasa la tatu! Anamaliza mtungi peke yake. Sasa jua likitua, hakuna maji." Na godoro umelianika kwenye ua wa mbele ili aone haya. Nilitaka kupiga kelele, lakini unanijua nilivyo mwoga wa kusema. Nikasema "sawa", ukakata. Leo simu yako imezimwa, kwa hivyo Mjomba Musyoka atakuletea barua hii kesho.

Nimekasirika, Mama. Umesahau? Mimi pia ulinificha maji. Godoro langu pia lilianikwa kwenye ua huo huo, hadi siku nilipoanguka kanisani nikabebwa hospitali sijitambui.

Kwenye saluni ya Shangazi pale Kenyatta Market, wateja huniuliza, "Mdogo hivi na sukari? Si huo ni ugonjwa ya wazee?" Shangazi hujibu, "Huyu alikuwa anaramba sukari na kopo!" Wanacheka, mimi nainamia kitabu. Maneno hayo aliyatoa kwako, na si kweli.

Kwenye damu kuna seli nyeupe ambazo kazi yake ni kuua viini vya magonjwa. Zangu zilikosea adui. Zilivamia kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, zikaua seli zinazotengeneza insulini. Bila insulini sukari hujaa kwenye damu, mwili huitoa kwa mkojo, na maji huondoka nayo. Ndiyo maana nilikunywa mno na kukojoa mno. Sikuziita seli hizo kwa kuramba chochote. Tena daktari alisema ndugu wa mgonjwa wako hatarini kuliko watoto wengine. Ulikuwa umeketi kando yangu!

Mpeleke Kyalo zahanati siku hiyo hiyo utakayosoma haya, wamtoboe kidole, wapime sukari. Usingoje soko lipite. Nikiwa nimekosea, nitakuomba msamaha mbele ya kanisa zima, mimi nisiyeweza hata kusoma somo.

Msalimie Nyanya, aliyekuwa akinipitishia kikombe dirishani ukiwa huoni. Mwalimu wa Kyalo mwambie asimkataze kwenda msalani.

Godoro liondoe uani. Na kabla hujaikunja barua hii, mpe maji.

Binti yako,
Mwende