Bendera ya Njano Kwenye Kona ya Tangi

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi na kwa watoto. Natumaini mnaamka salama na kikohozi cha yule mdogo kimeshatulia. Hapa nyumbani tunasukuma siku. Baba ni mzima wa mwili, anakula, analala, na gereji tunafungua asubuhi kama kawaida. Mimi pia ni mzima.

Ujumbe wako niliupata. Ulikuwa mfupi, hata hujambo haikuwemo. Umeambiwa kwamba kwenye mashindano yale ya siku tatu mimi ndiye niliyechelewa kuinua bendera, kwamba Baba alikuja kwa kasi bila kuonywa na mtu, na kwamba Karani amekufa kwa uzembe wangu. Ukasema nimemvunjia Baba heshima mbele ya klabu nzima. Sikukujibu siku ile kwa sababu ningekujibu vibaya, na mdomo wangu unaujua. Leo nimetulia. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujampigia Baba simu.

Tangu uondoke, klabu yetu ya mbio za magari haijabadilika sana. Bado ni watu wa ridhaa watupu, muuza vioo, daktari wa mifugo, mwalimu wa hesabu, kila mmoja na gari lake alilolifunga kwa mikono yake, likamgombanisha na mkewe. Siku ya kwanza ni mazoezi, ya pili ni kupimwa muda, ya tatu ni mbio zenyewe. Gari moja linaruhusiwa madereva wawili, kwa hiyo mimi na Baba tulishirikiana kile kigari chetu chekundu cha viti viwili. Na kwa kuwa klabu haiajiri watu wa kusimama kwenye kona, madereva tunasimamiana wenyewe. Ambaye si zamu yake kuendesha anavaa kizibao cha rangi kali, anapewa bendera na kona yake. Ikipepea ya njano, anayekuja anapunguza mwendo na kujiandaa kusimama, maana mbele kuna hatari. Hilo Baba alitufundisha kabla hatujajua kuendesha baiskeli.

Karani hukumkuta. Alijiunga baada yako, na jina hilo tulimpa kwa sababu alikuwa karani kweli, ofisi ya maji, dirisha la malalamiko. Alikuwa akisema anakuja kwenye mbio ili apate mahali ambapo watu wanampita bila kumtukana. Siku ya kwanza ya mashindano haya alivaa tai juu ya ovaroli, akatembea nayo mpaka kwenye mkutano wa madereva, na mwenyekiti akajitahidi asicheke, akashindwa. Kuazima ndiyo ilikuwa kazi yake. Jeki yetu aliichukua asubuhi, na jioni nikaikuta chini ya gari la mtu mwingine kabisa. Mimi nilimpenda yule mtu, Kaka. Alikuwa ananiita bosi, na alikuwa anamaanisha.

Siku hiyohiyo ya kwanza Baba aliitwa na mwenyekiti. Alikuwa amepita bendera ya njano bila kupunguza mwendo. Alirudi amenuna, akaniambia aliyeishika alikuwa ameikunja chini kama mtu anayeanika nepi, nani angeiona. Nilicheka. Yule mwenye bendera ni mvivu anayejulikana, kwa hiyo nilimwamini Baba moja kwa moja, na jioni tulibadilisha pedi za breki tukiwa tunamsema.

Siku ya pili, kabla ya kupimwa muda, nilikaa kiti cha abiria ili nisikilize gia ya tatu iliyokuwa inalia. Kwenye ile kona ndefu inayozunguka tangi la maji, gari la muuza vioo lilitujia ubavuni upande wangu. Lilikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kunyoosha mkono nikafuta vumbi kwenye kioo chake. Baba akakata kona kama vile hapakuwa na mtu. Nilipiga kelele, akarudisha usukani, tukaponea chupuchupu. Tuliposimama aliniambia alimwona tangu mwanzo na alikuwa anamtisha kidogo. Baba, Kaka. Baba ambaye alikunyang'anya ufunguo mwaka mzima kwa sababu ulimtisha mtu wa pikipiki.

Hapo ndipo mambo ya nyumbani yalipoanza kunijia. Vikombe anavyoviangusha kila siku kutoka pembeni mwa meza. Bega lake linalogonga fremu ya mlango wa gereji, mlango aliouchomelea mwenyewe. Nilimuuliza kama macho yanamsumbua. Akachukua kiboksi cha plagi, akakiweka juu ya boneti, akarudi nyuma hatua kadhaa, akanisomea maandishi madogo ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nayakodolea macho. Na klabu nayo inapima macho hivyohivyo: unasimamishwa mbali, unasoma namba ya gari, ukiipata umefaulu. Alikuwa ameisoma haraka kuliko sisi sote. Nikaona aibu kwa kumshuku baba yangu, nikarudi kwenye gia yetu.

Siku ya tatu Baba ndiye aliyeanza mbio, na mimi nikapangiwa Kona ya Tangi pamoja na daktari wa mifugo. Mimi nilikuwa na bendera, yeye redio na kizima moto. Karani alikuja akiwa amewaacha mbali Baba na wengine, akaingia kona kwa pupa, gari likazunguka na kuzimika katikati ya njia, mahali ambapo anayekuja halioni mpaka amelifikia. Alitoka salama. Alivuka mpaka kwenye ukuta wa matairi, hata alininyooshea kidole gumba. Kisha petroli ikaanza kunuka. Daktari akachomoka na kizima moto, na Karani naye akarudi kwenye gari kuzima swichi kuu, kwa sababu ndivyo tulivyofundishana, kwamba gari linalonuka petroli huliachi na umeme. Alikuwa ameinama dirishani Baba alipofika.

Sitakueleza zaidi ya hapo. Aliishi siku chache hospitalini, akafa asubuhi mkewe akiwa ameenda kumletea nguo safi. Ni hivyo tu.

Kamati ilikaa wiki ileile. Baba aliulizwa kwanza. Alisema hakuona bendera yoyote, na alisema kwa sauti yake ya kawaida, akiwa amemtazama mwenyekiti usoni. Daktari alisema macho yake yalikuwa kwenye gari la Karani tangu lizunguke, kisha akanipa mgongo akilikimbilia, hawezi kusema kitu. Waliokuwa nyuma ya Baba waliiona bendera, lakini wao walifika baada ya kishindo, kwa hiyo haikusaidia kitu. Nikabaki mimi. Nikasema nilibabaika, niliinua nikiwa nimechelewa. Polisi waliokuja kuandika maelezo nikawaambia hivyohivyo. Nikavuliwa uanachama, na Baba akapewa pole na kila mtu.

Sasa sikiliza, Kaka. Sikuchelewa. Gari la Karani lilikuwa bado linazunguka na bendera yangu iko juu. Nilisimama kwenye lile jukwaa la mapipa nikapepea kwa mikono miwili, nikashuka mpaka ukingo wa lami, nikapepea mpaka kitambaa kikanichapa usoni. Baba alipita karibu yangu kiasi kwamba upepo wa gari ulinisukuma. Nilimwona uso wake ndani ya kofia. Alikuwa ametazama mbele, ametulia, kama mtu anayefurahia siku yake. Hakuniona. Mwanawe wa kumzaa nimesimama pale na kitambaa cha njano kikubwa kama shuka, na hakuniona.

Nilidanganya kwa sababu nilidhani hajui. Nilifikiri, mzee wa watu, akijua kwamba ni yeye, atakufa. Basi baada ya mazishi akaniita nyuma ya gereji, akaniambia nikae. Akasema kwa sauti ya chini kwamba anajua niliinua bendera, kwa sababu mimi kanifundisha yeye na sijawahi kuchelewa. Akasema mwaka jana alikwenda kwa daktari wa macho, akaambiwa ana presha ya macho. Mbele anaona vizuri, lakini pembeni kunamezwa kidogo kidogo, siku hizi ni kama kutazama kupitia bomba, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Aliambiwa aache kuendesha. Hakumwambia mtu. Akasema tangu Mama atutoke, usukani ndio kitu pekee kinachomfanya aamke. Halafu akaniomba niache mambo yakae yalivyo. Mimi bado kijana, watu watasahau, yeye wakimjua atazikwa na jina la muuaji.

Nilikubali. Usinikasirikie mapema, nilikubali nikiwa nalia, na yeye analia. Nilimpa sharti moja tu, kwamba asishike tena usukani wa gari lolote, la mbio wala la mizigo. Akanipa funguo mkononi mwangu, akanishukuru kama mtu anayemshukuru mgeni. Nilizifungia kabatini, nikajiambia mzigo nitaubeba. Na niliubeba, Kaka. Watu walinipita njiani bila salamu. Muuza vioo alikuja kuchukua mlango wa gari lake uliokuwa haujamalizwa kupakwa rangi. Ujumbe wako nao ukaja. Vyote hivyo nilivikalia kimya.

Ijumaa iliyopita nilikwenda kununua msasa na rangi ya msingi. Niliporudi, pikapu yetu ya mizigo haikuwepo. Kumbe alikuwa na ufunguo mwingine siku zote. Nilikaa kwenye ngazi mpaka nikaisikia ikiingia, na ilipoingia iliparuza nguzo ya geti upande wa abiria, taratibu, na yeye hata hakugeuka. Kwenye kile kiti cha abiria alikuwa amekaa mke wa Karani. Baba alikuwa amempeleka makaburini na sasa anampitisha kwetu apumzike kabla ya kumrudisha kwake. Yule mama alishuka akamshukuru Baba kwa wema wake, akamwita baba, akasema asingekuwa yeye hajui angefanyaje. Mimi nikamwamkia. Akanitazama, akageuza uso, akaenda kukaa mbali nami.

Baba akaniambia nimletee mgeni maji.

Nilileta. Kisha nikamrudisha mwenyewe kwake. Niliporudi nilimuuliza Baba ahadi yetu iko wapi. Akasema ni mwendo mfupi, njia anaijua kwa moyo, na kwamba mimi nisiye na huruma nimeanza kumhesabia makosa. Akaongeza kwamba msimu ujao wakifungua klabu ataomba apewe angalau siku ya mazoezi, kwa heshima tu. Hakuwa anatania. Hapo nilielewa kwamba uongo wangu haukumwokoa, umempa ruhusa. Na atakayekuwa ameinama dirishani safari ijayo sijui ni nani.

Kwa hiyo kesho asubuhi nakwenda kwa mwenyekiti, na nikitoka hapo nakwenda polisi kufuta maelezo yangu. Najua nami kuna kesi ya kudanganya inaningoja, wacha ije. Baadaye nitakwenda kwa mke wa Karani, nimwambie yeye mwenyewe, mlangoni kwake, hata akinifukuza. Baba nimeshamwambia. Hakunigombeza. Alivua miwani yake ya kusomea, akaikunja, akasema basi amebakiwa na mtoto mmoja, naye yuko mbali. Tangu jana hajanisemesha. Naweka chakula, anakula, anarudisha sahani jikoni akipapasa ukuta, na ananipita. Safari hii ananiona vizuri kabisa.

Sikuandikii unitetee. Nakuomba ufunge safari uje, hata kama kazini watanung'unika, maana polisi watakapomjia atakuwa peke yake kwenye nyumba hii, na mkono wangu hataushika. Njoo uushike wake wewe. Ngazi za mbele asishuke bila mtu, upande wa kushoto haoni kitu kabisa.

Nisalimie wifi sana, na wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Mungu akufikishe salama.

Ni mimi, mdogo wako, ambaye hakuchelewa.