Mpini Umebanduka, Mke Naye Kaondoka

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijapasuka kwa hasira, maana nimedhulumiwa mchana kweupe halafu mimi niliyedhulumiwa ndiye ninayeambiwa niombe radhi, dunia imekaa miguu juu. Mimi ni fundi visu, wananiita Makali, na jina hilo sikuokota kijiweni, nimenoa visu melini, nimenoa visu vya wapishi wa hoteli wanaopima chumvi kama dawa, shule niliiaga mapema kwa sababu mwalimu alikuwa ananichelewesha, lakini chuma nakisoma kama wengine wanavyosoma gazeti.

Basi nikamtengenezea mama mkwe kisu cha zawadi, kwa mapenzi yangu, hakuniomba. Chuma nilikisugua mpaka ukijitazama unaona na mawazo yako, hata ile sehemu inayofichwa na mpini, maana mimi sifanyi kazi ya juu juu. Misumari ya kushikilia vibao vya mpini sikupiga, inaharibu sura, nabandika kwa epoksi, ile gundi ya tyubu mbili, moja gundi yenyewe, moja dawa ya kuigandisha. Nilinunua kwa shemeji, kaka wa mke wangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Akaniambia, "Shemeji, chukua hii ya kukauka taratibu, ukibandika leo unashika kesho." Nikamjibu, "Kesho ni ya wavivu, nipe ya dakika tano." Akacheka, akanipa. Nikakamua, na ile dawa ya kugandisha nikaitia mara mbili, mkono wangu si mchoyo, nikapaka, nikabana kwenye jiliwa, lile bano la chuma la mezani, kwa nguvu zangu zote mpaka gundi yote ikatokea pembeni nikaifuta, kazi safi, nikapeleka siku ile ile nikashangiliwa.

Wiki haijaisha, mama anapasua boga mbele ya wageni, kibao cha mpini kikabanduka, mkono ukateleza, kidole gumba kikachanika. Nilimbeba mwenyewe mgongoni hadi zahanati, kashonwa, na njia nzima yeye ndiye ananibembeleza, "Mwanangu, usilie, unanilowesha." Kutoka hapo nikaenda moja kwa moja dukani kwa shemeji, nikamwambia mbele ya wateja, "Muuza feki wewe, umetaka kumuua mama yako mzazi!" Sasa mke wangu kahamia kwa huyo kaka yake na kaniachia neno, "Siku utakapomwomba radhi pale pale ulipomtukania, nitarudi." Mimi! Niombe radhi! Gundi niliikuta kwenye kibao laini kama bigijii, na chuma kinang'aa bila hata doa la gundi, kama siyo feki ni nini? Mke wangu kabla hajaondoka, kwa ubishi wake, alichukua mabaki ya tyubu zile zile akachanganya kidogo kidogo kama anayempimia mtoto dawa, akaunga mguu wa kigoda changu uliovunjika, na ni kweli nimekikalia nikikuandikia, na mimi si mwepesi, lakini hiyo ni bahati yake tu. Niambie, nimshitaki shemeji kwa wazee wa familia, au nimfuate tena dukani?

Makali, mwenye haki yake

MSHAURI ANAJIBU

Makali, pole. Ya kwanza nampa mama, ya pili mkeo, yako itafika ikipata nafasi.

Barua nzima unamtafuta mwenye kosa, na ushahidi umeukalia. Inuka, pindua hicho kigoda, tazama. Tyubu ni zile zile, duka ni lile lile, shemeji ni yule yule. Kilichobadilika ni mkono. Mkeo alipima, wewe ukakirimu. Epoksi haitaki ukarimu, ndugu yangu. Dawa ya kugandisha ukiizidisha haiongezi nguvu, ile ya ziada inakosa mwenzake wa kushikana naye, inabaki humo ndani inalainisha, ndiyo hiyo bigijii yako. Pakiti ikisema sawa kwa sawa, ni sawa kwa sawa. Maneno yale ni mistari michache tu, yasingekuchelewesha kama mwalimu wako. Na usinibishie, mimi nimeolewa na seremala, nyumba yangu inanuka gundi kuliko vitunguu.

Halafu nani alikutuma ung'arishe mahali pasipoonekana? Gundi inashika penye mikwaruzo. Wewe chuma umekifanya kioo, gundi umeikamua yote kwa jiliwa, misumari umeinyima nafasi, na kisu cha kuoshwa kila siku umekibandika kwa gundi ya dharura. Mpini ule ulikuwa umeshikiliwa na sifa zako peke yake, baba. Zimembandukia mama mkononi.

Kumbeba mama mgongoni ulifanya vizuri, na machozi yako nayaamini, una moyo. Lakini shemeji yako alikuonya, ukampuuza, kisha ukamwita muuaji mbele ya watu wanaomlisha. Wale walipotoka pale walibeba neno lako mtaani. Hilo ndilo linalomuuma mkeo, na mimi ningekuwa yeye nisingekuachia hata kigoda.

Leo nenda kamtazame mama kidole, na usiende na kisu. Kesho nenda dukani wateja wakiwa wamejaa, useme kwa sauti ile ile uliyotukana nayo: "Gundi ilikuwa nzima, aliyekosea ni mimi." Usitie mzaha. Usiongeze "lakini". Kisha nunua ile ya taratibu. Chuma kikwaruze kwa msasa, toboa matundu ya misumari, futa mafuta yote kwa spiriti, usikishike tena kwa vidole. Pima, koroga mpaka rangi iwe moja ukikwangua na pembeni, paka, piga misumari, bana kwa kiasi gundi ibaki ndani, ukiache mpaka kesho yake. Ndiyo, ile kesho ya wavivu. Kabla ya kumpelekea mtu, bonyeza kwa ukucha tone lililobaki pale ulipochanganyia. Likibonyea, kisu hakitoki nyumbani.

Na ukienda dukani, beba kigoda. Shemeji asipotaka kukusikiliza siku ya kwanza, keti hapo nje ya mlango umsubiri. Usiogope, hakivunjiki. Kimeungwa na mkeo.